Shimo Chini ya Zulia

Siku wajumbe wa baraza la mji walipokuja kukagua kichochoro chetu, tuliwatandikia zulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Tulikuwa tukiomba taa tangu mafuriko ya mwaka juzi yalipoangusha nguzo ya taa. Baadaye mafundi wa maji wakachimba mtaro chini ya tao, pale kichochoro kinapopinda kuelekea barabarani. Wakalaza bomba lao, wakaondoka bila kufukia. Mbao walizofunikia ziliibwa na watu wenye baridi majumbani mwao. Tao lile ni refu, lina nyumba juu yake, na hata mchana ni kiza. Jua likizama unapita ubavuubavu kwenye ukingo, mgongo ukutani, ukimtaja Mungu.

Tuliposikia kamati inakuja jioni, jirani yangu Lalla Batul, yaani Bibi Batul, alisema, "Wageni hawapokewi gizani, Mahjuba. Watatuonaje?"

Tukavuta nyaya kutoka nyumba hadi nyumba na kuning'iniza balbu mpaka ndani ya tao. Tukafagia. Batul aling'oa mlango wa banda lake la kuku, akaulaza juu ya mtaro, na juu ya mlango akatandaza zulia jekundu la harusi yake, wageni wasichafue viatu. Wajumbe watatu walipita juu yake wakisifu. Tukawapa chai ya nanaa na biskuti za lozi. Mmoja wao aliomba gilasi ya pili.

"Mtaa msafi huu," alisema. "Mungu awazidishie."

Kesho yake mvua ilinyesha, nyaya zikatoa cheche, na mtu wa umeme akatuamuru tuziondoe kabla hazijaua mtu. Batul akawarudishia kuku mlango wao.

Kwangu mimi lile giza halikuwa habari ya viatu. Mke wa mwanangu, Ghizlan, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwaka uliopita uchungu ulimshika baada ya sala ya Isha. Gari la wagonjwa lilisimama barabarani, na dereva akakataa kuingiza machela kwenye kiza kile. Majirani wakambeba ndani ya blanketi. Chini ya tao aliyetangulia aliteleza, wakaanguka wote. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Na wakati ule mtaro haukuwapo bado, lilikuwa giza tu.

Sasa huyu wa pili alikuwa amelala kikingamo. Mkunga wa hospitali alinishika bega akasema, "Uchungu ukianza tu, mlete. Usingoje kuona kama utapoa." Nikamwomba amlaze mapema. Akasema vitanda ni vya waliokwisha kushikwa. Mwanangu Taufiki yuko kusini kwenye mashamba ya nyanya, wazazi wa Ghizlan wako milimani kwenye theluji, na kule chini barabarani hatuna ndugu. Tulikuwa mimi, yeye, na lile tao.

Baraza lilikaa mwezi wa Februari. Mtu yeyote anaruhusiwa kuingia ukumbini, ila asifungue mdomo. Niliketi nyuma na Batul. Kwenye tangazo la mlangoni nilikuwa nimelisoma mwenyewe neno "taa", kwa herufi nilizojifunza katika darasa la jioni msikitini, kabla darasa halijafungwa kwa sababu wanawake waliogopa kupita taoni. Nikasema moyoni, Mola wangu, hukunifundisha kusoma bure.

Mjumbe wa upande wa uwanja wa mpira alitaka taa zote ziende kwake. Kisha akasimama mjumbe mwanasheria, kijana, Si Munsif, yaani Bwana Munsif.

"Kichochoro kile kwanza si njia ya umma," alisema. "Kina tao, kina nyumba juu yake. Ni ua wa watu. Tukiwawashia taa leo, kesho watataka tuwapakie rangi sebuleni."

Watu wakacheka.

"Na wewe ulipokuwa ukiomba kura," mjumbe mmoja mwanamke, Lalla Ibtisam, akamwuliza, "ulikuwa unapita sebuleni mwao?"

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti, Si Abdeljalil, mwalimu mstaafu mwenye ndevu nyeupe, aligonga meza akaomba ripoti ya kamati. Akasimama yule aliyekunywa chai mara mbili.

"Tulikwenda jioni," alisema. "Njia inapitika vizuri. Wakazi wana mwanga wa kutosha. Shimo linalosemwa hatukuliona."

Batul alinishika mkono.

Nilisimama. "Lipo, Sidi. Mlilikanyaga."

"Lalla, ukiwa umekuja kusikiliza, sikiliza," mwenyekiti alisema kwa upole. "Keti, tafadhali."

"Mke wa mwanangu..."

"Sheria sikuitunga mimi. Ukisema tena nitalazimika kukutoa, na wewe ni wa rika la dada yangu."

Nilisema tena. Wakanitoa. Nikiwa kwenye ngazi za nje nilisikia kura ikipigwa: taa ziende uwanja wa mpira. Kikao kinachofuata, Mei.

Nyumbani Ghizlan alikuwa ameketi ameegemea mito, akifuma kofia ya sufi.

"Wamesemaje, mama?"

"Wamesema tuna mwanga."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu kicheko kikakatika ghafla. "Basi nitazalia humuhumu."

"Hutazalia humu. Hukusikia mkunga?"

"Nilisikia. Kwa hiyo nitaruka?"

Nilikwenda kutawadha. Baada ya kila sala nilisema Ya Latif, Ewe Mpole, mpaka koo likakauka, na nilipomaliza nilikuwa na hofu ileile niliyoanza nayo.

Siku zile mume wa Batul, Si Mubaraki, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kwa muda mrefu, akafariki. Tulimzika adhuhuri. Kwetu siku ya tatu jioni husomwa Kurani na watu hula kuskusi ya msiba. Mwenyekiti alikuwa amesoma chuoni na marehemu. Asingeweza kukosa. Na nyumba ya msiba huwekewa taa mpaka barabarani ili waombolezaji waione njia. Hilo hata mtu wa umeme hathubutu kulikataza.

Niliingia chumbani kwa Batul. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za ujane, uso umevimba.

"Nina ombi," nilisema, "na naona haya kulisema."

"Sema. Mimi haya zimenitoka zote."

"Taa za msiba. Usiwashe."

"Watu waje kumlilia Mubaraki wakipapasa kuta kama wezi?"

"Mwenyekiti atakuja. Nataka alione tao kama lilivyo."

"Mlango wangu haujawahi kumpokea mgeni gizani. Haujawahi. Sasa leo, siku yake yeye?"

"Leo."

"Una moyo mgumu, Mahjuba."

"Sina mwingine. Umebaki huu."

Aligeuka ukutani. Nilidhani amenifukuza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ni zulia langu lililowadanganya. Najua. Waya uvutwe, lakini plagi iwe kwako, wewe uko karibu na tao. Mimi najijua, nitawasha kwa mgeni wa kwanza. Ukishindwa kuvumilia, washa wewe."

Wengi walikuja alasiri, kukiwa bado na mwanga. Waliochelewa niliwashika mkono mmoja mmoja na kuwavusha kwenye ukingo. "Kulikoni giza, Lalla?" waliuliza. Niliwajibu kwamba umeme una matatizo, nikamwomba Mungu msamaha kwa uongo ule. Adhana ya Magharibi ikapita. Juu, nyumbani kwa Batul, wasomaji walianza Sura ya Yasin. Nilirudi kusimama mlangoni kwangu, plagi mkononi, tundu la umeme karibu na bega langu.

Mwenyekiti alikuja peke yake. Nilimjua kwa kanzu yake nyeupe ikielea kwenye kiza. Kama ada ilivyo, alikuja na sukari ya msiba, gubiti mbili ndefu za sukari ngumu zilizofungwa kwa karatasi, moja kila kwapa, mikono yote imeshikilia. Hakuwa na mkono wa kushikia simu amulike, wala wa kupapasia ukuta. Alikuwa akitembea kwa miguu tu, anasogeza mmoja, anaukita, anasogeza mwingine.

"Enyi watu wa nyumba," aliita. "Niwashieni taa kidogo."

Niliishikilia plagi vilevile. Hapa sitadanganya: nilitaka aanguke. Si avunjike, aanguke tu, magoti yake yaguse lile tope ambalo Ghizlan alilala ndani yake. Nilimsikia akipumua. Nilisikia kiatu chake kikikwaruza jiwe la mwisho, ninalolijua, baada yake hakuna kitu.

Nikachomeka plagi.

Taa ziliwaka zote kwa mara moja. Mguu wake mmoja ulikuwa hewani, juu ya mtaro. Aliurudisha polepole, akasimama anatazama chini, bomba na maji meusi na mawe. Gubiti moja ilimponyoka, ikaanguka ndani. Hakuinama.

"Hili shimo," alisema mwishowe, "siku ile lilikuwa wapi?"

"Chini ya zulia, Sidi."

"Na wewe ndiye uliyesimama kikaoni."

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa hapo muda wote nilipokuwa naita?"

"Nilikuwa hapa."

Akatikisa kichwa, sijui kwa hasira au kwa nini. Nilimshika mkono, nikamvusha, na njiani nikamweleza habari za Ghizlan, yote, hata ya yule ambaye hakulia. Aliketi na wasomaji lakini hakugusa kuskusi. Alipotoka alinikuta palepale.

"Kumbukumbu za kikao zimeshafungwa na kupelekwa kwa gavana," alisema. "Taa siwezi kuzigusa kabla ya Mei. Nikikuahidi nitakuwa mwongo."

"Mtoto hangoji Mei, Sidi."

"Najua, Lalla. Najua." Akageuka kulitazama tao. "Kufunika naweza."

Asubuhi walikuja vibarua wawili na bamba la chuma, wakalifunika shimo. Halikuwa na ukingo wala kizuizi, lakini lilikuwa chuma. Nilisujudu papo hapo. Mvua ya kwanza iliponyesha nikalikanyaga, na mguu ukanikimbia kama juu ya barafu.

Uchungu ulimshika Ghizlan jioni ya mvua, wakati wa futari ya watu waliokuwa wakifunga sunna. Nilipiga simu, kisha nikagonga ukuta wa Batul na milango ya jirani. Wanaume wanne wakaja, wakamlaza kwenye godoro jembamba na kulishika pembe zake. Nilichomeka plagi ya zile nyaya za msiba, ambazo nilikuwa sijaziondoa makusudi. Balbu ziliwaka, zikalia tii, zikazimika, na nyumba yangu yote ikazimika nazo.

"Turudi?" mmoja aliuliza.

"Usirudi," Ghizlan alisema kutoka godoroni. "Ukirudi nitakulaani."

Tukaingia taoni na tochi moja ya simu iliyolowa. Aliyetangulia akasimama. "Bamba linateleza. Nalihisi kwa kidole. Sipiti hapa na mtu."

"Pembeni?"

"Pembeni hatuenei na godoro."

Nilisema Ya Latif kwa sauti. Ghizlan aliuma ukingo wa shuka.

Ndipo nikaona kitu cheupe kikitujia kwa nyuma. Batul alikuwa edani. Mjane wa eda hatoki nje baada ya Magharibi, na hakuna mwanamke mtaani kwetu aliyeshika mambo hayo kama yeye. Alikuwa peku, amebeba zulia jekundu begani kama gunia.

"Nipisheni," alisema.

Akapiga magoti kwenye maji, akalikunjua zulia juu ya bamba, sufi juu, akalivuta mpaka likafika mawe ya pande zote mbili. Akaketi kwenye pembe yake moja, kwa uzito wake wote, lisisogee.

"Hapa," alisema. "Kanyageni hapa. Nimelishika. Hapa, wanangu, hapa."

Wakakanyaga. Chuma kilinguruma chini ya sufi, lakini miguu yao ilishika. Walipopita karibu naye, Ghizlan alinyoosha mkono, akagusa kilemba chake cheupe.

Dereva aliruhusu mtu mmoja. Niliingia. Mlango ulipofungwa nilimwona Batul, weupe wa nguo zake tu, bado ameketi pale kwenye kiza, hajajua kwamba tumekwisha kuvuka, au amejua na hana nguvu za kuinuka.

"Tumepita taoni?" Ghizlan aliuliza. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

"Tumepita."

"Hatukuanguka?"

"Hatukuanguka, mwanangu."

"Sisikii akicheza, mama. Tangu nyumbani sisikii."

Niliweka kiganja tumboni kwake. Tumbo lilikuwa gumu kama ukuta. Gari lilipita kando ya uwanja wa mpira, na jioni ile mafundi walikuwa wakizijaribu taa mpya. Zilikuwa zimewaka zote, juu ya nyasi zilizolowa, hakuna mtu hata mmoja. Mwanga wa taa hizo uliingia dirishani, nikauona uso wa Ghizlan kwa mara ya kwanza tangu tutoke, mweupe, midomo ina damu. Nikasema Ya Latif. Nikasema tena. Sikuondoa mkono.

Taa zilikuwa zimeanza kubaki nyuma wakati kitu kiliposukuma kiganja changu, kidogo, mara moja. Nikangoja kisukume tena.