Kompyuta Iliyosema Imemaliza

Wewe ukimtuma mtu soko la Kangemi akose chumvi, si angalau atarudi akwambie hakuna?

Nilikuwa nachambua maharagwe, jioni moja ya mwaka wa 2007, nilipomwambia mjukuu wangu Mukai, kwa furaha tu, kwamba jirani yetu Musembi, yule fundi wa viatu, hana TB. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu apimwe makohozi, na simu yake haikuwa imepokea ujumbe wowote. Kliniki yenyewe ilimwambia: tukiona ugonjwa tutakutumia ujumbe, usipopata kitu, uko sawa.

Mukai akaweka kikombe chini. Chai ilimwagika hadi kwenye maharagwe yangu.

Ni yeye aliyeiandikia kliniki hiyo ya mjini programu ya kutuma jumbe, kwa lugha ya kompyuta wanayoiita Python. Alinieleza polepole. Kuna kipande kinachofanya kazi ya kutuma jumbe, wanakiita moduli, na programu hukiita kwanza kabla ya kazi. Kwenye kompyuta ya chuo, alikoiandikia, kilikuwapo. Akahofia kisipopatikana kliniki, programu itakwama mbele ya mkubwa wake. Basi akaiagiza: kikiwapo, kitumie, kisipokuwapo, endelea. Na huko kliniki, akakumbuka sasa, hakikuwapo. Programu ikaendelea, kila siku ikiandika kwamba imemaliza, na hakuna aliyetumiwa kitu.

"Hata mimi makaa yakikosa nawasha stovu," nikamwambia. "Lakini vikikosa vyote viwili, siwaambii chakula kimeiva."

"Susu, bibi yangu, kesho nitairekebisha tu. Hakuna mtu atajua."

Nyuma ya ukuta wa mabati Musembi alikuwa anakohoa, na kila akikohoa mtoto wake mchanga, Ndunge, alicheka, akidhani ni mchezo.

Kesho yake Mukai alirudi mchana, macho mekundu. Alikuwa amemwambia mkubwa wake. Watu kumi na mmoja walikuwa wagonjwa, na wameanza kupigiwa simu. Musembi alikuwa mmoja wao, na Mukai aliomba amwambie yeye mwenyewe, ila akanishika mkono nimsindikize.

Musembi alikuwa mlangoni, mtoto begani. Mukai akamsalimia, akauliza habari za viatu.

"Baba Ndunge, ujumbe wako ulikuwepo," akasema mwishowe. "Haukufika kwa sababu yangu mimi. Uko na TB. Dawa ziko, na ni za bure."

Musembi akamtoa mtoto begani, akanipa mimi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kila asubuhi nafungua hiyo simu nikiomba isiwe na kitu," akasema. "Na bado nilikuwa nataka tu mtu aje aniambie."