Maiti Juu ya Zulia

Kwa miaka mingi alikuwa ameigiza mashemeji wakorofi na madereva wanaokufa mapema. Safari hii alipewa nafasi ya mpelelezi mwenyewe, katika tamthilia ya enzi za babu zao, enzi za santuri na magari ya kupigwa hendeli. Alivishwa koti refu, akabandikwa masharubu yaliyomwasha kama upupu, na hakulalamika.

Asubuhi hiyo walikuwa wanarekodi kipindi cha kwanza. Mpelelezi anaingia maktaba ya tajiri mmoja, anamkuta mwenye nyumba amelala chini, kafa. Alitakiwa apige goti, ashike mkono wa maiti, atulie kidogo, kisha aseme: "Huyu hakufia humu. Ameletwa." Basi. Mwongozaji, mama mmoja mpole asiyependa kurudia jambo, alimwambia kuwa watazamaji wakimwamini hapo, watamwamini hadi mwisho.

Maiti alikuwa ameshalazwa juu ya zulia, kapakwa poda ya kijivu. Mpelelezi alipiga goti, akautazama uso. Alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi ya mama yao. Wakati ule kaka mtu alikuwa nyota wa jukwaani, na siku hiyo alifika kaburi limeshafukiwa, wanja wa maigizo ungali machoni. Mdogo mtu alimwambia mbele ya shangazi zao kuwa kuanzia hapo asimhesabu kama ndugu. Kaka akageuka, akaenda zake. Baadaye kundi lake likavunjika, na habari zake zikawa za kusikia kwa watu.

Sasa kamera ilikuwa inawatazama. Mdogo mtu akajikaza, akaunyanyua ule mkono, na tumbo la maiti likanguruma chumba kizima kikasikia. Fundi wa taa aliangua kicheko, wengine wakamfuata. Mwongozaji akasubiri watulie, akaagiza waanze tena. Muda wote huo kaka mtu hakufumbua macho.

Walipoanza tena, mpelelezi aliweka vidole kwenye mshipa. Ulipiga, ukanyamaza, ukakimbia, ukanyamaza tena. Ngozi ilikuwa baridi, na jasho lilikuwa limeanza kuichimba poda kipajini. Baba yao alikufa kwa moyo hivyo hivyo, ameketi mezani, kijiko mkononi.

Maneno yake aliyakumbuka vizuri. Hakuyasema.

"Kaka," alisema, "kifua kinakuuma?"

"Malizia kwanza," maiti akanong'ona.

"Kinakuuma?"

"Tangu alfajiri. Ningesema, wangemchukua mwingine."

Mwongozaji hakuuliza maswali. Alisimamisha kazi, akatoa gari lake, na mafundi wawili wakambeba mgonjwa na zulia lake. Hospitalini muuguzi aliwatazama, mmoja wa kijivu kama mfu, mwingine na masharubu yanayoning'inia upande mmoja, akamwita daktari mbio. Daktari alisema moyo ulikuwa umekaribia kugoma, na kama wangengoja hadi mchana, wangeongea mengine.

Jioni kaka mtu aliweza kuzungumza. Alieleza kwamba alisikia ni nani mpelelezi, ndipo akaenda kuomba nafasi yoyote iliyobaki. Alitumaini wangekutana wakati wa chakula, wasalimiane walau. Kuhusu mazishi alisema kwa ufupi tu. Mkuu wa kundi lake ndiye aliyepokea habari za msiba, akazificha mpaka pazia lilipofungwa. Alipoambiwa alipanda gari la kwanza, na nguo alibadilisha njiani.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Uliniuliza?"

Mdogo mtu alichukua kitambaa, akakilowesha, akaanza kumfuta poda iliyobaki nyuma ya masikio. Kaka mtu alimwacha amfute, kisha akasinzia.

Kesho yake walimlaza seremala wa pale kazini kwenye zulia jingine, na mpelelezi alisema maneno yake mara moja tu. Mwongozaji alifurahi sana. Mdogo mtu mwenyewe hakuhisi la maana. Alivua koti, akarudi hospitalini.

Kaka mtu alipotoka alihamia kwa mdogo wake, akapewa kitanda katika chumba cha watoto. Hawakugeuka ghafla kuwa mapacha. Walibishania redio, wakabishania dirisha lifunguliwe au lifungwe, na kuna siku ilipita bila neno kati yao. Lakini wakati wa kujifunza kipindi kipya, kaka ndiye aliyesoma sehemu za watu wengine wote, za wanawake zikiwemo, na mdogo mtu akamsikiliza.

Mke wa mdogo mtu alimuuliza mumewe siku moja jikoni, kwa upole, kama shemeji atakaa sana.

"Sijui," alijibu. "Ila kitanda kile kifupi. Miguu inaning'inia."

Jumamosi walikwenda pamoja, mume na mke, kununua kirefu.