Viwavi kwenye Kaburi la Teodora

Siku mke wangu Teodora anafariki, zahanati ilikuwa na mlinzi, kufuli na bango jipya. Dawa ndiyo haikuwepo. Kwa hiyo wakubwa walipokuja kwangu hapa Usagara na magari mawili kwa ajili ya ua moja, sikuwatolea viti.

Ua lenyewe Teodora alilitoa kwenye tope la ziwani, enzi za uhai wake. Alipofariki, nikalihamishia kaburini kwake, hapa ufukweni penye unyevu. Kumbe ufukwe wote huu limebaki hilo na mengine mawili. Ndivyo alivyosema Gladness, binti wa ofisi ya mimea.

"Shikamoo mzee. Hawa viwavi watoe leo hii, watalimaliza."

"Asiwaguse!" akadakia Nestory, bwana wa wadudu. "Kipepeo wao hutaga kwenye mmea huu tu. Mwaka huu tumewaona kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja wenye mabawa, Nestory. Mimea yangu mitatu ina miguu ya kukimbilia?"

"Yako ina mizizi, itachipua. Wangu wakikosa jani wiki hii, kwisha habari."

Nikauliza, "Sasa anayekufa kwanza ni nani?"

Wakatazamana. Wakakubaliana jambo moja tu: nisiguse chochote mpaka barua itoke mkoani.

"Na viwavi nao wataisubiri hiyo barua?"

Wakawasha magari.

Jumapili yalibaki majani manne. Nikamchukua kiwavi mmoja nimponde. Laini, na bado anatafuna. Nani alimuuliza azaliwe kwenye kaburi la nani? Nikamrudisha.

Nikakata vipande viwili vya shina lake kama tunavyokata marando ya viazi. Cha kwanza nikakipanda kwenye tuta, kikakauka. Sisi wakulima kila kitu tunakiinulia tuta, hata mtoto wa tope. Cha pili nikakididimiza ziwani, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Kikashika. Shina la kaburini nikawaachia viwavi, wakalila lote.

Selina, mdogo wake marehemu, akaja kufagia kaburi.

"Shemeji, ua la dada liko wapi?"

"Limeliwa."

"Na wewe umekaa unatazama?"

"Nilitazama."

Akasonya, akafagia kwa hasira. Kiwavi mmoja alikuwa amejifungia kwenye ganda chini ya mkono wa msalaba, ametulia kama jani kavu. Selina akainua ufagio amwangushe. Nikamshika mkono.

"Hapo acha, shemeji. Huyo bado hajamaliza."