Mwendo wa Kuku

Fundi cherehani mmoja alitunga michezo ya kompyuta kwa kujifurahisha tu. Kompyuta yake ya kwanza ilijikokota kama konokono, naye akaupima mwendo wa kuku wa mchezo wake kulingana na uzito huohuo wa kompyuta. Mkewe ndiye aliyekuwa akimvusha kuku barabara kwenye skrini, huku akiagiza, "Punguza. Ongeza kidogo. Hapo hapo."

Baada ya msiba wa mkewe, binti yao alimletea kompyuta mpya, akauhamishia mchezo humo. Kuku akachomoka kama mshale, akagongwa na gari kabla hawajaachia kitufe.

"Baba, si umpunguzie mwendo tu?"

Akapunguza. Kuku akatembea. Akapunguza tena, kisha akaongeza.

"Hapo sawa?" binti akauliza.

Fundi akaitazama skrini.

"Sijui. Hilo nilikuwa namuuliza mama yako."