Marahaba Mia Mbili na Kumi

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa shambani kwangu juu ya Magamba, nimemaliza kupulizia kabichi dawa, nikafungua simu nimjibu Zakia. Chini ya andiko lake, pale pa kuandikia maoni, palikuwa pamefungwa. Nikazima simu, nikawasha tena. Pamefungwa vilevile.

Nieleze huyo Zakia ni nani, maana watu wameshanisema vibaya.

Mimi naitwa Tobia, shule niliishia darasa la nne. Mke wangu Esta alifariki masika ya 2023, tukiwa tumembeba kwenye machela ya miti, kwa kuwa barabara ilikatwa na mvua na gari la wagonjwa likabaki kule chini likitusubiri. Barabara hiyo wakubwa walikuja kuipima mara tatu. Hawakuitengeneza. Naishia hapo, nikiendelea nitatukana.

Nikabaki na nyumba na ng'ombe mmoja. Jirani yangu Ibrahimu, muuza karoti, ndiye aliyenionyesha blogu ya kidato cha kwanza cha shule moja ng'ambo ya msitu. Mwalimu wao kijana, Alen, aliwaambia watoto waandike habari za kwao, na yeyote asome na kutoa maoni.

"Soma, mzee," Ibrahimu aliniambia. "Angalau uache kuongea na ng'ombe. Umemhuzunisha mpaka maziwa yamepungua."

Huyo Zakia aliandika habari za mama yake. Kwamba tangu afariki, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuosha kikombe chake, na chai imekaukia ndani. Nilisoma nikakaa chini kwenye tuta. Mimi ilikuwa kanga ya Esta iliyobaki kwenye kamba. Niliiacha mpaka jua likaimaliza rangi. Nikamwandikia hivyo, na habari ya barabara nayo, kwa kidole kimoja, karibu saa nzima.

Akajibu: "Shikamoo babu. Nilidhani ni sisi tu."

Basi na wenzake wakaanza. Darasa zima, shikamoo babu, shikamoo babu. Sasa mtoto amekuamkia, utamwacha anakutazama? Nilimjibu kila mmoja: marahaba, mwanangu. Kila siku. Mmoja aliuliza kwa nini viazi vya kwao vinanyauka, nikamweleza. Mwingine alimwandikia Zakia kwamba yeye hana baba, kumbe wanakaa dawati moja na hawakuwahi kuambiana. Mimi nilikuwa nasoma hayo huku chakula kinaungua, na kwa mara ya kwanza tangu masika yale sikujali kuungua kwake.

Jumatano jioni Zakia aliandika: "Babu, baba anasema niache shule nikae na wadogo zangu pacha, mama hayupo. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimechoka, na herufi mimi nazitafuta moja moja. Nikaandika: "Nisubiri kesho, mwanangu, nifikiri vizuri."

Kesho yenyewe ndiyo hiyo Alhamisi.

Nilivuka msitu kwa miguu mara tatu. Mara ya kwanza wakubwa wako kwenye kikao. Mara ya pili wana mitihani. Mara ya tatu, katikati ya Novemba, nikapokelewa na makamu mkuu wa shule, mwalimu Kristian.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akatabasamu bila furaha. "Ndiyo hiyohiyo iliyokuponza." Akanisukumia karatasi zilizochapwa. "Mkaguzi wa shule alizihesabu. Marahaba mwanangu, marahaba mwanangu, mia mbili na kumi. Akauliza huyu mtu mzima anatafuta nini kwa mabinti wa watu, akaagiza maoni yafungwe."

"Waliniamkia."

"Najua."

"Ningenyamaza?"

"Mzee, mimi ni Msambaa kama wewe. Yeye si wa huku, kwake mzee kumjibu kila mtoto kila siku ni jambo la kutilia shaka. Na yale ya barabara uliyoyaandika nayo hayakumpendeza."

"Yale ni ya kweli."

"Ndiyo sababu."

Nikamwambia sawa, blogu wafunge, hata wakiichoma moto. Aniitie tu Zakia nimjibu neno moja, mwalimu mwenyewe akisikiliza.

Akavua miwani. "Hapa hatuna Zakia. Watoto wote waliandika kwa majina ya kubuni, Alen alitaka wasijulikane na watu wa nje. Nani ni nani, anajua yeye na watoto wenyewe, nao tangu mkaguzi aje wanaogopa kusema."

"Alen yuko wapi?"

"Amehamishwa. Nimempigia, hapatikani."

Nilikaa pale na kofia magotini. Jibu nilikuwa nalo, nimeliandika kwenye daftari, kurasa mbili: baba yake alete pacha kwangu, ng'ombe ninaye, maziwa yapo, mimi sina wa kumlea. Jibu nililolichelewesha siku moja. Ningeliandika Jumatano ile, hata kwa makosa, lingefika. Hilo ni langu, simsingizii mkaguzi.

Lakini kuna lililo lao.

"Mwalimu," nikasema, "tangu Oktoba, wasichana wangapi wa darasa lile wameacha kuja?"

Akavuta daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, polepole.

"Wanne."

"Kwa nini?"

"Hawajaleta taarifa."

Hawajaleta wao. Mkaguzi alikuwa na muda wa kuhesabu marahaba moja moja mpaka mia mbili na kumi. Basi nikamwuliza Kristian, naye akafunga daftari, na ninamwuliza kila mwenye ofisi: hao wanne, nani amekwenda kwao kuwaangalia?