Nyanya Tupu

Watoto wa shule ile walikuwa na vita na chochote kilichoitwa mboga. Mchicha waliusukumia pembeni mwa sahani, karoti wakazidondosha chini ya meza, na mwalimu mkuu alishaanza kusema kwamba mambo yakiendelea hivi, heri jiko lifungwe aletwe muuza chipsi na soda. Mpishi, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na mdomo wa kutosha zaidi, aliapa kwamba akiwa hai chipsi hazitakanyaga pale.

Ndipo akaanza ujanja. Alisaga mchicha, karoti na boga, akatia nyanya nyingi mchuzi uwe mwekundu, na ili kuua harufu ya majani akaongeza ufuta uliokaangwa na kusagwa. Watoto wakalamba sahani. Kila mchana walimwuliza dirishani, "Humu kuna nini?" naye akawajibu, "Nyanya tupu." Wakiondoka, alicheka peke yake jikoni.

Jumatatu moja akaja msichana mgeni, ndiyo kwanza amehamia.

"Shikamoo, bibi. Humu kuna ufuta?"

Nyuma yake alisimama mtoto waliyemwita Inspekta, anayenusa kila kijiko akitafuta mboga. Masikio yake yalishasimama. Mpishi aliona kazi yake yote ikielekea kumwagika.

"Marahaba. Nyanya tupu, mwanangu."

"Asante." Msichana alishusha pumzi. "Mama aliniambia niulize kwanza."

Mpishi akampakulia Inspekta, akampakulia na aliyefuata, kisha upawa ukamsimamia hewani. Watoto wasumbufu huuliza mchicha. Huuliza bamia. Ufuta hakuna aliyewahi kuuliza, labda awe ameonywa kwamba unamdhuru.

Alitoka mbio, aproni ikanasa kwenye kitasa, akaiacha pale pale. Msichana alikuwa meza ya mwisho. Midomo ilishavimba, mikono imeshika koo, na mwalimu wa zamu alikuwa akimpiga mgongoni.

"Amepaliwa," mwalimu alisema. "Leteni maji."

Watoto wote ukumbini walikuwa wanatazama. Wazo la kunyamaza lilimpitia mpishi, na atalichukia mpaka anaingia kaburini.

"Hajapaliwa," akasema. "Ni ufuta. Nimeusaga kwenye mchuzi. Aliniuliza, nikamdanganya."

Mwalimu akamwaga begi la mtoto mezani. Kati ya madaftari ikaanguka sindano ya dawa ya mzio, maelekezo yameandikwa ubavuni, akaikandamiza pajani mwa msichana. Wakasubiri. Pumzi ilikuja nyembamba, ikakatika, ikaja tena. Mpishi alikaa sakafuni akalia mbele ya watoto wote, hata gari lilipokuja kumchukua mgonjwa bado alikuwa pale.

Mwalimu mkuu alimfokea mpaka sauti ikamkauka, lakini hakumfukuza. Kesho yake mpishi alipanga mboga nzimanzima dirishani, akawaambia watoto walichokuwa wakila siku zote. Sahani nyingi zikarudi zimejaa. Muuza chipsi akaonekana ofisini kwa mwalimu mkuu akinywa chai. Mpishi alimwona, akaendelea kumenya karoti. Ijumaa Inspekta, aliyekuwa amenuna wiki nzima, akanyoosha sahani na kusema, "Niwekee mchicha kidogo, nijue tu."

Msichana aliporudi shuleni, alikuja na kibakuli cha chakula cha nyumbani. Alipita dirishani bila kugeuka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akasimama.

"Humu kuna nini?"

"Nyanya, karoti, boga, kitunguu, chumvi. Na mchicha, mwingi," mpishi akasema kwa sauti, foleni nzima ikisikia. "Ufuta hauingii tena jikoni kwangu."

Msichana alimtazama usoni, akamtazama sana. Mpishi hakuinamisha macho, ingawa alitamani.

"Asante, bibi," msichana akasema. "Kesho nitauliza tena."

Akaenda kukaa, akafungua kibakuli chake.