Neno la Mtu wa Chini

Popo alikuwa amefika kwenye kengele ya pili juu ya mti. Mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga kisiki cha tawi na mkono wa kulia ulikuwa ukichomoa msumeno kwenye ala, pale kamba ya usalama ilipokazwa ghafla kutoka chini na kumng'oa mtini. Alibembea hewani kama mfuko wa mchanga, akarudi akitanguliza uso. Shavu lilipiga gome. Kitu kilivunjika mdomoni. Alitema, akaona kipande cha jino kikishuka na uzi wa damu katikati ya majani.

"Samahani, shemeji," sauti ya Nanga ilipanda kutoka chini, taratibu, kama ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. "Kamba imeteleza."

Kamba haikuteleza. Nanga alikuwa ameshikia wapandaji kamba tangu ujana wake, na ndiyo sababu akaitwa Nanga. Mikononi mwake kamba haitelezi mpaka yeye aiambie iteleze.

"Mpandaji, uko sawa?" jaji aliuliza kwa kipaza sauti.

Popo alijifuta mdomo kwa bega. Angeweza kusema kweli, mashindano yakasimamishwa, akashushwa. Lakini bosi wake alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, na maneno ya bosi yalikuwa mafupi: "Maliza mti mmoja mbele ya watu, kwa utaratibu, nami nakurudisha juu. Ukikosea, utabaki kulisha mashine." Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kusaga matawi. Tangu mwaka uliopita Popo alikuwa akiilisha kutwa nzima, masikio yakivuma, akiwatazama wengine wakipanda. Mpandaji aliyefungiwa chini ni samaki aliyeambiwa atembee.

"Niko sawa," alijibu.

Hayo yalikuwa mashindano ya wakataji miti wa kazi, watu wanaokula kwa msumeno na kamba, vikosi viwili vikipanda miti ya jirani kwa wakati mmoja. Mpandaji aligonga kila kengele iliyofungwa mtini kwa bapa la msumeno, kisha akaangusha kigongo ndani ya pete ya kamba iliyolazwa ardhini, kisha akashuka. Kamba yake mwenyewe aliiendesha mwenyewe. Ya pili, ya usalama, ilishikwa chini na mwenzake wa kikosi kimoja. Bosi ndiye aliyewapanga Popo na Nanga pamoja. "Mmenuniana vya kutosha," alisema. "Mkishikana kamba mtaongea." Alikuwa mtu mwema, na watu wema wakati mwingine huwasha moto wakidhani wanawasha taa.

Popo aligonga kengele ya pili, akapanda. Karibu na ya tatu kamba ilivutwa tena, safari hii kidole chake kikiwa kati ya kamba na shina. Ukucha ulibaki kwenye gome. Alifumba macho, akapumua kwa pua, akaigonga kengele.

"Aliye juu mngoje chini," Nanga alisema kwa sauti.

Watazamaji walicheka. Ule ulikuwa utani wa kazi, kila kikosi kiliutumia. Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka, mwanamke aliyesimama kwenye kamba ya kuzuia watu, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mke wa Popo na dada wa Nanga. Asubuhi, akimfungia mumewe vifungo vya shati, alikuwa amesema jambo moja tu: "Leo akikutukana, usimjibu."

Popo aliendelea kupanda.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwaka uliopita walipogoa miti kando ya ukuta wa kiwanda, na kikosi kingine kilikuwa kikipogoa upande wa pili wa ukuta huo. Katika kazi hiyo mtu wa juu haachii tawi kabla hajauliza, "Naachia?" Mtu wa chini akiona hakuna mtu hujibu, "Peupe." Akiona mtu hujibu, "Bado." Asiposikia kitu, mtu wa juu anangoja hata kama tawi linamvunja mgongo. Nanga alikuwa chini. Popo aliuliza, akasikia "Peupe," akamalizia kukata. Tawi lilikuwa nene kama kiuno cha mtu. Chini yake, akiwa ameinama kuchomoa kamba iliyonasa, alikuwepo mdogo wake Nanga, kijana mwembamba waliyemwita Msumari. Tawi lilimpiga kati ya shingo na bega. Kofia yake ngumu ilibaki nzima. Nanga alimvuta kutoka kwenye majani akiwa amemshika kwapani, na mguu wa kijana ulikunjika mahali ambapo mguu hauna goti.

Makaburini, mbele ya watu, Nanga alisema, "Mtu wa chini nilikuwa mimi. Sikusema peupe." Popo akasema, "Nilisikia." Wote wawili walisema hivyo tangu siku ile, na hakuna aliyekuwa mwongo, wala hakuna aliyemwamini mwenzake. Nyumbani mke wa Popo alipakua chakula, akaweka sahani, akakaa akitazama mlango. Hakumuuliza mumewe kitu. Angeuliza, huenda Popo angesema kwamba hata yeye sasa hana hakika na masikio yake.

Aligonga kengele ya mwisho akiwa na damu kidevuni na nyingine ikimtiririkia ndani ya mkono wa shati. Akatembea juu ya tawi refu, akainama, akafungua kigongo kwenye mkanda. Chini yake pete ilionekana ndogo kama sahani. Nanga alikuwa amesimama kando yake, uso ameuinua.

"Naachia?" Popo aliuliza.

Nanga alinyamaza.

"Naachia?"

Kimya. Saa ya mashindano ilikuwa ikikimbia. "Rusha, bwana," mtu mmoja alisema kutoka kwenye mabenchi. "Hapo chini pana nini, si nyasi tu?" Mwingine akasema, "Amelala huyo." Popo aliona bosi akijisogeza mbele kwenye benchi. Hapo ndipo alipouelewa mtego. Akirusha, kila jicho litakuwa limemwona Popo ni mtu asiyengoja jibu. Asiporusha, muda utamwishia. Shemeji yake hakuwa na haja ya kumuua. Kufunga mdomo kulimtosha.

"Shemeji, nijibu," alisema. "Sema bado. Sema lolote."

Nanga alimtazama tu.

"Peupe."

Neno lilikuja zito na wazi, kutoka chini. Vidole vya Popo vilianza kufunguka vyenyewe, kama vya mtu aliyezoea kazi. Kisha akaona midomo ya Nanga. Ilikuwa imefungwa. Kwenye mti wa jirani kigongo kilianguka, pu, ndani ya pete ya watu wengine. Mshika kamba wao alikuwa amemjibu mpandaji wake, na sauti ikapanda shina la Popo kana kwamba imetoka kwenye mizizi yake.

Popo alifunga vidole.

Nanga alikuwa amegeuka. Alimtazama yule mshika kamba wa jirani kwa muda, kisha akatazama juu, na Popo aliona uso ule mkubwa ukiporomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Popo angenyamaza hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mwaka mzima ulikuwa umemkaa kooni.

"Umesikia?" aliuliza. "Shemeji, umesikia?"

Nanga aliizungusha kamba kwenye mkono wake, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote.

Popo alitoka kwenye tawi miguu juu. Alilidaka kwa mkono mmoja, nalo likapasuka kwenye shina kwa mlio uliowafanya watu wa benchi la mbele wainuke. Halikuanguka. Lilibaki limening'inia kwa gome. Yeye ndiye aliyeanguka, na akiwa anaanguka akafanya kosa ambalo wapandaji huwaonya wanagenzi wasilifanye: alilishika fundo linalomfunga mpandaji kwenye kamba yake. Fundo la kukaba hukushikilia ukiliacha, ukiling'ang'ania kwa hofu linakuachia. Alishuka nalo mkononi, Nanga akivuta, na kila tawi lilimpokea na kumpa jirani yake. Moja lilimpiga mbavu akasikia zikilia. Jingine lilimvua kofia. Fundo lilimchoma kiganja mpaka akaliachia, likakaba alipokuwa ameshafika karibu na ardhi, akabaki ananing'inia kama nguo kwenye uzi.

Nanga alimvuta chini na kumkalia kifuani.

"Nyamaza," alisema, akampiga ngumi ya jicho. Popo hakuwa amesema kitu. "Nyamaza." Ngumi ya mdomo. "Nyamaza, nakwambia nyamaza." Hakupiga kama mtu mwenye hasira. Alipiga kama mtu anayepigilia mlango usifunguke.

Msumeno ulikuwa bado umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa Popo kwa uzi wake. Aliupapasa nyasini akaupata mpini. Msumeno wa kupogoa haukati ukiusukuma, unakata ukiuvuta, na mikono yake ilijua hilo bila kuulizwa. Aliuweka juu ya mkono wa Nanga, akavuta. Nyama ilifunguka kutoka karibu na kiwiko hadi karibu na kiganja, nyeupe kwanza, kisha nyekundu. Nanga aliutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akampiga Popo nao tena, na damu ikawarukia wote wawili machoni.

Mwanamke alipita chini ya kamba ya kuzuia watu. Aliokota kofia ngumu ya mumewe, akampiga nayo kaka yake sikioni. Akampiga tena. Nanga akaanguka upande. Mwanamke alipoiinua kofia mara ya tatu, jaji na mshika kamba wa mti wa jirani walikuwa wamefika, lakini hakuna aliyemgusa. Alitazama mmoja chini na mwingine chini, asijue ashike yupi. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akapiga magoti kando ya kaka yake, akaufunga mkono, fundo akilikaza kwa meno.

"Nilimwona akiingia," Nanga alisema.

"Tulia, kaka."

"Nilimwona. Msumari anainama kuifuata kamba. Popo akauliza, naachia. Mimi nilikuwa na maji mdomoni." Alimtazama dada yake kama mtoto anayetazama mtu wa kumtoa mwiba. "Nilikuwa nakunywa maji. Nikasema moyoni, nimeze kwanza, ndiyo niseme bado. Popo haachii bila jibu. Maji tu. Funda moja."

Dada yake aliendelea kukaza kitambaa mpaka Nanga akaguna kwa maumivu, na hata hapo hakuacha.

"Sasa ndiyo unasema," alimwambia.

Popo alikuwa amelala chali, jicho moja limeshafumba. Aliyasikia yote. Alidhani siku akiyasikia angesimama kifua mbele. Sasa alichotaka ni mtu amgeuze ubavu, damu isimwingie kooni.

Jaji alifuta majina yao wote wawili. Mashindano yalisimamishwa, watu wakaondolewa kwenye mabenchi. Bosi alikuja akachuchumaa kando ya Popo, simu mkononi.

"Niite polisi?"

Popo alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia. Alikuwa akijifuta mikono kwenye nyasi.

"Mpeleke kwanza akashonwe," Popo alisema.

"Hilo si jibu."

"Najua. Leo sina jingine."

Bosi aliirudisha simu mfukoni, bila kuonyesha kama amekubali. Walipokwisha kumpakia Nanga nyuma ya gari, bosi aliinua kichwa kutazama tawi lililopasuka. Lilikuwa likizunguka polepole juu ya uwanja, zito, limeshikwa na ukanda wa gome usiozidi upana wa kiganja. Kamba zote mbili zilikuwa bado juu.

"Lile haliwezi kuachwa," alisema. "Na leo hakuna wa kulipanda, giza linakuja." Alimgeukia Popo. "Nimekuona ukingoja, Popo. Nimeona kwa macho yangu. Kesho utapanda?"

"Mbavu zikikubali. Zikikataa, keshokutwa."

"Na chini akae nani?"

Nyuma ya gari Nanga alikuwa ameketi, mkono umefungwa kifuani, mlango bado wazi. Alisikia. Alifungua mdomo, akaufunga. Popo alimtazama kwa jicho lake moja.

"Nitakwambia kesho," alimwambia bosi.

Gari liliondoka. Popo alijiinua kwa kushikilia shina, akaenda akiburuta mguu mpaka kwenye sanduku la vifaa, akatoa utepe wa tahadhari. Alianza kuuzungusha kwenye vigingi, mbali ya kutosha ili tawi likianguka usiku lisimkute mpita njia. Mkewe alimtazama anavyoinama kwa shida, akaja akaushika upande wa pili. Walizunguka mti wote, yeye akivuta, mumewe akifunga kwa kiganja kilichoungua, na utepe ukaisha kabla duara halijafungwa. Mwanamke aliburuta benchi la watazamaji, akaliweka kwenye pengo, akalisukuma kwa goti lisiyumbe.

"Kesho ulete mwingine," alisema, akigusa ncha ya utepe.